Noti Iliyoshuka

Mlangoni pa duka la Tusajigwe palibandikwa kibao chenye maneno matatu: VUA TULIZO LAKO. Wateja wengi walikitazama kibao hicho kama watu walioambiwa wavue suruali. Walisimama kizingitini, wakageuka kuangalia nani anawaona, ndipo wakavishusha vile vikombe viwili vyeusi kutoka masikioni na kuingia wakipepesa macho.

Mtu hawezi kuwalaumu. Ndege za mizigo zisizo na rubani zilipita juu ya mabati ya Mbeya tangu alfajiri, zikivuma kama nyuki waliochokozwa, na Sheria ya Utulivu ilikwisha kumpa kila mwananchi aliyetimiza miaka saba Tulizo lake. Ukilivaa, dunia inazimika na unabaki na muziki wako peke yako. Watu wakazoea. Walisalimiana kwa kuinua kidole, walinunua ndizi kwa kuonyesha, na walizika wafu wao kila mmoja akisikiliza wimbo wake. Ukiwa na jambo la lazima la kumwambia mwenzako, unamgusa bega, naye anafikiri kwanza kama jambo lenyewe lina thamani ya kuvua.

Tusajigwe alikuwa fundi masikio. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenye chumba kimoja nyuma ya duka, na mkono mwepesi wa kushika vitu vidogo. Mama yake alipofariki, hakubaki mtu wa kumwita jina. Kila asubuhi alipoijaribu maikrofoni ya chumba cha vipimo alisema, "Tusajigwe, Tusajigwe, moja, mbili," na zipo siku jina hilo halikutajwa tena mpaka kesho yake, alipolitaja mwenyewe.

Jumanne hiyo, yapata saa nne, aliingia Mwalimu Asegelile. Alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka thelathini na sita, na ingawa sasa alikuwa na sabini na nne bado alitembea kama mtu anayehesabu mapigo. Alivua Tulizo lake taratibu sana. Masikio yake yalikuwa na alama za kubanwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Bado upo?"

"Nipo. Niende wapi na masikio ya watu?"

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na anashangaa bado anaweza. Akaliweka Tulizo juu ya kaunta, lakini mkono hakuuondoa.

"Nataka hedifoni," alisema. "Zile za mgongo wazi."

Tusajigwe alidhani amesikia vibaya, na fundi masikio hapendi kudhani hivyo. "Mgongo wazi? Mwalimu, hizo watu wakiziona wananiuliza zimevunjikia wapi."

"Unazo, au huna?"

"Ninazo tatu. Vumbi ni langu, hilo silitozi."

Alizishusha kutoka rafu ya juu, akazipangusa kwa upindo wa kanga aliyojifunga kiunoni, akazipanga mbele ya mzee. Mgongoni, pale ambapo Tulizo huwa na kombe gumu lisilopitisha hata pumzi, hizi zilikuwa na wavu mwembamba wa chuma. Ukiinua moja kwenye mwanga unaona ng'ambo.

"Hii ni sawa na sufuria bila mfuniko," Tusajigwe alieleza. "Tulizo linafunika. Sauti inapikika humo humo ndani, inagonga ukuta na kurudi, ndiyo maana unaisikia katikati ya kichwa. Hii inaiacha itoke. Utasikia kama waimbaji wamesimama mbele yako, huyu kushoto, yule kulia, yule kule nyuma karibu na dirisha. Lakini inatoka kweli. Aliyekaa karibu nawe atasikia, na wewe utasikia kila kitu chake. Mlango, kuku, ndege za mizigo. Sheria inakuruhusu nyumbani tu, tena madirisha yakiwa yamefungwa."

"Naishi peke yangu. Atakayesikia ni paka, naye ana yake."

"Halafu besi yake si ile uliyoizoea. Ngoma haitakupiga kifuani."

"Kwaya yangu haikuwa na ngoma."

Walianza na ile ndogo. Ilikuwa nyepesi, lakini povu la masikioni lilikwisha kuwa gumu kama mkate wa juzi, na Mwalimu akasema inamkwaruza. Ile kubwa ilikuwa na sauti pana ila ilihitaji ampilifaya nzito, na bila hiyo ilinong'ona tu. Tena ilimkandamiza miwani mpaka macho yakamtoka machozi. Ilibaki ya kati, yenye vitambaa laini vya mahameli na upinde unaokaa utosini bila kubana. Tusajigwe alimsogezea kiti mbali na ukuta, akazima feni, akamchezea zeze la majaribio ambalo mafundi wote hulitumia.

Mwalimu alifumba macho. Kisha akafanya kosa ambalo watu wote wa Tulizo hulifanya: wimbo ulipomwingia, aliinua viganja akaviweka juu ya vikombe, kama mtu anayekumbatia. Zeze likafa, likawa kama linapigwa ndani ya debe.

"Toa mikono, Mwalimu. Ukiziba mgongo umeiua."

Akaishusha magotini. Zeze likarudi. Alisikiliza hadi mwisho, na Tusajigwe, aliyekuwa ameketi hatua mbili tu kutoka kwake, alilisikia pia, jembamba na la mbali. Ilimjia kwamba hakuwa amesikiliza wimbo mmoja na mtu mwingine kwa miaka mingi. Akainuka kutafuta kitambaa ambacho hakukihitaji.

"Nachukua hii," Mwalimu alisema. "Lakini nataka kwanza niusikilize wimbo wangu. Ule ule. Una habari nao."

Tusajigwe alikuwa na habari nao. Miaka sita iliyopita Mwalimu alikuja dukani wiki mbili baada ya kumzika mkewe, Subilaga, akiwa na rekodi moja tu. Nyingine zote zilipotea na simu ya marehemu. Rekodi hiyo ilikuwa ya wimbo alioutunga mwenyewe, "Ukungu Umeinuka", ulioimbwa na kwaya yake katika kanisa la mlimani. Alisema, "Mke wangu ni soprano. Nataka nimsikie vizuri." Tusajigwe alimpima masikio, akaifungua kazi ya Tulizo inayoitwa kijazio, inayotafuta sauti iliyofifia katika rekodi na kuijaza mpaka isikike. Mzee akaondoka analia na kushukuru.

"Kuna nini na wimbo?" Tusajigwe aliuliza.

Mwalimu alisita. Watu wazima hawapendi kuwashtaki wapenzi wao, hasa waliokwisha kufa.

"Kuna noti inashuka," alisema mwishowe. "Mstari wa pili. *Ukungu umeinuka, njia imeonekana.* Pale kwenye 'imeonekana', Subilaga anapanda vizuri, halafu noti ya mwisho inamshuka. Kidogo sana. Wewe hungeijua."

"Labda alichoka siku hiyo."

"Subilaga hakuwahi kushusha noti, fundi. Alikuwa na makosa yake. Alichoma wali, alinuna siku tatu mfululizo. Lakini noti, hapana. Mwanzo nilisema ni masikio yangu. Nikaenda kupimwa, wakaniambia ni mazima. Nikasema basi ni mimi niliyesahau. Miaka sita, kila siku, naisikia inashuka, na kila siku namsamehe." Alilitazama Tulizo lililo chini ya mkono wake. "Nimechoka kumsamehe kosa nisilolikumbuka. Nataka niusikie bila kifuniko, bila mashine kunisaidia. Kama inashuka, inashuka. Kama ni mimi niliyeanza kumsahau, nijue."

Tusajigwe hakuwa na hofu bado. Alidhani ni hitilafu ndogo ya kijazio. Akasema, "Niachie Tulizo hadi kesho, nilikague. Nitakutolea rekodi halisi niiweke kwenye kadi. Njoo saa nne."

"Mpaka kesho?"

"Ni siku moja, Mwalimu."

"Sijawahi kulala bila yeye," alisema mzee, na aliposikia alichokisema aliona haya. Aliuondoa mkono juu ya kaunta. "Haya. Ndaga, fundi, asante. Kesho."

Akatoka na masikio matupu, akashtushwa na mvumo wa ndege za mizigo, akashika ukuta kwanza ndipo akaenda.

*

Kila Tulizo huweka kumbukumbu ya kazi yake, kwa lugha kavu ambayo mafundi pekee huisoma. Tusajigwe aliifungua mchana huo, akala kipande cha muhogo huku akipitisha macho.

*Ombi: mwanamke mmoja, soprano, mke wa mtumiaji. Matokeo ya utafutaji katika rekodi: hakuna. Kelele zilizoondolewa: arobaini na moja. Sampuli mbadala: imepatikana. Mwanamke mmoja, hatua moja kutoka kwenye maikrofoni, sekunde tisa. Chanzo: chumba cha vipimo. Sauti imejengwa.*

Alisoma mara ya pili. Muhogo akauweka chini.

Chumba cha vipimo. Mafundi masikio wana desturi yao: Tulizo jipya linapofungwa kwenye masikio ya mteja, fundi huimba ngazi ya sauti mbele ya maikrofoni, do mpaka do, ili chombo kijue umbali. Kisha sampuli hiyo hufutwa kabla chombo hakijakabidhiwa. Mwalimu wao chuoni alilirudia jambo hilo mpaka wakamtungia utani: "Pangusa, pangusa, hata kama hujachafua." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Aliikumbuka siku ile. Mzee alikuwa amekaa na Tulizo masikioni, hasikii chochote cha nje, machozi yakimtiririka. Rekodi ilikuwa ikicheza kwenye spika ndogo ya fundi, pamoja na mvua na mlio wa benchi la kanisa. Kabla mzee hajaingia, Tusajigwe alikuwa amemaliza siku nne bila kuzungumza na mtu, na ule wimbo ulikuwa na mahali patupu juu, katika mstari wa pili, kama kiti ambacho mtu ameinuka kidogo tu. Badala ya kuimba do mpaka do, aliimba hapo. Mstari mmoja. Aliimba kwa sababu hakuna aliyekuwa akisikia. Kisha mteja mwingine akaingia, na hakupangusa.

Na noti ya mwisho ilimshuka. Ilimshuka tangu darasa la tano, na kwaya ya shule ilimweka mstari wa nyuma kwa ajili hiyo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka sita, na iliongozwa na mtu asiyejua kwamba anadanganya.

Tusajigwe alifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akafanya jambo jingine ambalo fundi hapaswi kulifanya: alifungua kufuli la Tulizo la mteja na kulivaa.

Kwaya ilianza. Safi, imepanguswa, hakuna mvua, hakuna benchi. Na mstari wa pili akaingia mwanamke. Hakuwa Tusajigwe na alikuwa Tusajigwe. Kijazio kilikuwa kimemlainisha, kimempa pumzi ndefu na kifua cha mwimbaji, lakini chini kabisa ilikuwa sauti yake, ile inayosema moja, mbili kila asubuhi. Chombo kilikuwa na hesabu yake pembeni: wimbo huo ulikuwa umechezwa mara elfu sita mia nne na tatu. Mara elfu sita mtu alikuwa amekaa kitandani, ameweka viganja masikioni, akimsikiliza yeye.

Alijisikia kupendwa. Jambo hilo lilimpata hajajiandaa, likampasha joto mwili mzima, halafu akaona aibu mpaka akalivua lile Tulizo na kulisukuma mbali.

Sasa lilikuja lile swali. Kwenye meza yake palikuwa na kitelezi kimoja. Angekisukuma upana wa ukucha, noti ya mwisho ingepanda na kukaa mahali pake. Angeuweka wimbo huo uliojazwa kwenye kadi na kuuita rekodi halisi. Mzee angeusikiliza kwenye hedifoni zake mpya za mgongo wazi, angemsikia mkewe haishushi noti, angeamini kwamba hakumsahau, angelala. Nani angeumia? Mtu ameshiba miaka sita. Unamwamsha kumwambia chakula kile kilikuwa cha jirani? Tena Baraza la Usikivu lingemnyang'anya leseni bila hata kumkalisha. Fundi wa Uyole alinyang'anywa kwa kosa dogo kuliko hilo, na sasa alikuwa akiuza mkaa.

Alikisukuma kitelezi. Noti ikapanda. Ilikuwa nzuri sana, nzuri kuliko alivyowahi kuimba maishani. Akauweka wimbo huo kwenye kadi moja. Kwenye kadi nyingine akaweka rekodi halisi, ambayo aliisikiliza hadi kwenye lile pengo la mstari wa pili, akashindwa kuendelea, akaizima. Kadi zilifanana. Ile ya uongo aliikwaruza kona kwa ukucha, ili kesho asichanganye, au ili kesho asiweze kujidai amechanganya.

*

Mwalimu Asegelile alikuja saa tatu na nusu. Hakuwa amelala, na shati alikuwa amelifunga vifungo kombo.

"Nyumba ina sauti," alisema akikaa. "Sikujua. Bati linalia jua likipanda. Bomba linadondoka tone tone, sijui tangu lini."

Tusajigwe alikuwa na kadi mbili mfukoni mwa aproni. Alizigusa. Alimvisha mzee hedifoni ya mgongo wazi, akarekebisha upinde, akahakikisha mahameli yamekaa kuzunguka masikio bila kukunjamana. Alifanya yote hayo polepole kuliko ilivyohitajika. Mzee alimtazama kama mgonjwa anavyomtazama mtu mwenye sindano, kwa imani yote. Kama angemtazama kwa shaka, labda ingekuwa rahisi zaidi kumdanganya.

Akatoa kadi isiyokwaruzwa, akaichomeka.

Mvua ilianza kwanza, mvua kubwa juu ya bati. Mwalimu akatazama juu, kisha akagundua kwamba mvua ilikuwa ya miaka kumi na mbili iliyopita. Benchi lililia kwa kukaliwa. Mtu aligeuza karatasi. Kwaya ikaanza, na ukumbi mzima ukafunguka pande zote mbili za kichwa chake; vidole vyake vilianza kuwaongoza, besi kushoto, tenori kulia, alto hapa. Ulipofika mstari wa pili, kidole cha mkono wa kulia kiliinuka kumwita soprano. Kikabaki juu. Sauti mbili nyembamba za wasichana ziliimba pale, na kati yao palikuwa patupu.

Mwalimu akavua hedifoni.

"Yuko wapi?"

Tusajigwe alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha. Akayaacha yote.

"Hayumo, Mwalimu. Kijazio kilimtafuta, hakikumpata. Kikachukua sauti nyingine kikaijenga."

"Sauti gani nyingine?"

"Yangu."

Alimweleza yote. Ngazi ya sauti, sekunde tisa, mteja aliyeingia, kutopangusa. Alimweleza pia kuhusu kitelezi, akatoa kadi ya pili akaiweka kaunta na kumwonyesha mkwaruzo. Hakutafuta kisingizio, maana visingizio vyote alikwisha kuvijaribu mwenyewe na havikumtosha.

Nje ndege ya mizigo ilipita, vioo vikatetemeka.

"Imba," alisema mzee.

"Mwalimu, naomba—"

"Imba hapo."

Tusajigwe alisimama mikono mgongoni kama mtoto wa shule. *Ukungu umeinuka, njia imeonekana.* Alijitahidi kuishika ile noti ya mwisho, na kwa sababu alijitahidi, ikamshuka.

"Ndiyo," Mwalimu alisema taratibu. "Hapo hapo." Alijifuta uso wote kwa kiganja. "Kumbe si yeye. Na si mimi. Miaka sita namwambia mke wangu usiku mwema, kumbe nakuambia wewe. Namsamehe, nakusamehe wewe. Ungekuwa umeniibia mbuzi ningejua la kufanya."

"Nitaandika kwa Baraza leo. Nitawaeleza."

"Hilo ni lako na Baraza. Mimi sitakushtaki. Wala sijakusamehe, usichanganye." Alivuta pumzi. "Lakini alikuwepo. Mimi sikuota. Siku ile ya mvua Subilaga alikuwepo kanisani, nakumbuka gauni la kijani, nakumbuka..."

Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyepapasa ukutani gizani na kupata kitasa.

"Koo," alisema. "Aliumwa koo. Alikuwa hana sauti kabisa. Mimi mwenyewe nilimwambia leo huimbi, kaa pale mbele, shika simu, turekodi. Akaninunia." Alimtazama Tusajigwe kwa mshangao wa kweli. "Nililijua hilo, fundi. Nililijua vizuri. Ile sauti yenu imeniingia mpaka ikalifuta."

Tusajigwe alikumbuka mstari mmoja alioupita kwa haraka jana. *Kelele zilizoondolewa: arobaini na moja.*

"Vaa tena, Mwalimu," alisema. "Tafadhali. Hatukufika mwisho."

Alivaa. Tusajigwe aliurudisha wimbo mwanzo, akavuta kiti chake karibu kuliko kawaida ya fundi, akainamisha kichwa. Kupitia ule wavu wa chuma sauti ilimfikia nyembamba lakini kamili. Mvua. Benchi. Mstari wa kwanza. Na sasa, walipokuwa hawatafuti tena soprano, walikisikia kilichokuwa karibu kuliko kwaya yote, karibu kabisa na maikrofoni: mtu anapumua. Pumzi za mwanamke mwenye mafua, zinakwama kidogo, zinatoka. Mstari wa pili ulipofika alikohoa, akakikata kikohozi katikati ili asiharibu wimbo. Baadaye kidogo kitambaa cha gauni kilikwaruza simu. Baadaye alikohoa tena. Tulizo lilikuwa limevifuta vyote hivyo kwa uangalifu mkubwa.

Mikono ya Mwalimu ilianza kuinuka kuelekea masikioni. Akaizuia mwenyewe, akairudisha magotini na kuikunja ngumi.

Wimbo ukaisha. Mvua ikabaki. Kisha sauti iliyopasuka, ya koo bovu, isiyoweza kuimba hata noti moja, ikasema kwa mnong'ono:

*"Mwalimu, nizime?"*

*"Zima,"* alisema mwanamume wa miaka kumi na mbili iliyopita, bila hata kugeuka.

Rekodi ikakatika.

Mzee alielekeza kidevu kwenye kitufe, na Tusajigwe akaurudia. Walisikiliza tena hadi mwisho, na tena. Mara ya nne, sauti ile iliponong'ona nizime, Mwalimu Asegelile aliwahi kujibu, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliye chumba cha pili nyumbani kwake:

"Bado kidogo, mama."

Lakini yule mwingine alisema zima, na ikazimika.

*

Aliondoka na hedifoni ikiwa imefungwa kwenye kanga ya Tusajigwe, maana boksi lake lilikwisha kuliwa na panya. Tulizo aliliacha juu ya kaunta. "Futa," alisema. "Sauti hiyo si yangu kukaa nayo."

Mlangoni alisimama. Tusajigwe alidhani atasema la kumwumiza, akajiandaa.

"Ile noti," alisema Mwalimu. "Unaifuata kwa koo, ndiyo maana unachelewa inakuangukia. Chukua pumzi kabla ya neno. Kabla, si ndani yake. Noti ikifika ikukute umekwisha kufika." Akainua kidole kimoja, salamu ya mjini, akashuka mtelemko akiwa na masikio wazi, akihesabu mapigo.

Tusajigwe alikaa na lile Tulizo kwa muda. Aliandika barua ya Baraza, mistari minane. Kisha akaifungua kumbukumbu, akaitafuta sampuli ya sekunde tisa na mwanamke aliyejengwa juu yake, yule aliyesikilizwa mara elfu sita. Chombo kiliuliza kama ana uhakika. Hakuwa nao. Akabonyeza. Kadi iliyokwaruzwa akaivunja vipande viwili.

Duka likawa kimya, ukiondoa ndege na feni. Alifungua mlango wote, akasimama kwenye kizingiti. Watu walipita wakiwa wamefunika masikio, mmoja akainua kidole, naye akainua chake. Alichukua pumzi kabla ya neno, akaimba mstari wa pili kwa sauti yake yote, mpaka mwisho.

Ilionekana kwake kwamba safari hii noti ilikaa. Alisubiri pale mlangoni kitambo kirefu, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia kama ilishuka au haikushuka.